Pingamizi la Bibi Harusi

Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi, Jumapili ya tarehe tisa Juni, Mzee Kipketer alisimama mbele ya kanisa dogo la Kiamunyi, akafungua faili ya matangazo na kulamba kidole ili ageuze karatasi.

Karatasi ya kwanza ilihusu mkutano wa akina mama. Ya pili ilihusu ufunguo uliookotwa karibu na tangi la maji. Ya tatu aliisoma kimyakimya kwanza, midomo ikicheza, kisha akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Wapendwa, Mungu ni mwema."

"Kila wakati," kanisa likajibu.

"Hii ni mara ya kwanza ya kutangazwa. Kuna kusudio la ndoa kati ya Mwalimu Bethwel Kiprugut, mgane, wa hapa Kiamunyi, na Mama Trizah Nekoye, mjane, wa hapa hapa Kiamunyi. Mwenye pingamizi amwone Mchungaji."

Kanisani siku hiyo walikuwemo watu mia mbili na kumi na wawili. Waliokuwa na habari ya ndoa hiyo kabla ya saa nne na dakika kumi na saba walikuwa mtu mmoja, naye ni Mwalimu mwenyewe. Trizah Nekoye, aliyekuwa ameketi mstari wa mbele wa kwaya upande wa alto, aliipata habari ya harusi yake wakati uleule alioipata fundi aliyeitwa kurekebisha spika.

Mwalimu Bethwel alikuwa ameinua mkono tangu tangazo la ufunguo. Hakuna aliyemjali, na kosa lilikuwa lake. Yeye ndiye karani wa kanisa, na mwaka 2019 alitunga kanuni mbili zilizopitishwa kwa kura zote. Kanuni ya kwanza ilisema karatasi ikishagongwa muhuri na kuingia kwenye faili Ijumaa jioni, haitolewi bila sahihi ya Mchungaji. Ya pili ilisema msomaji wa matangazo hakatizwi, hata kwa mkono ulioinuliwa.

Asubuhi hiyo alifika kanisani saa moja kuitoa ile karatasi. Mchungaji hakuwepo, alikuwa anahubiri kwanza katika tawi jingine, na alifika wimbo wa kufungua ibada ukiwa umeanza. Mwalimu alisimama kando ya kabati lenye faili kwa saa mbili unusu, ufunguo mkononi, na hakulifungua. Kanuni ni kanuni.

Mtu huyu alikuwa na umri wa miaka sitini na minne. Alikuwa askari wa jeshi kwa miaka kumi na miwili, akafika hadi cheo cha sajini na kulinda amani Namibia mwaka 1989. Kisha akaenda chuo cha ualimu, akafundisha hisabati miaka ishirini na sita, minane ya mwisho akiwa mwalimu mkuu. Alilea watoto watatu. Mkewe, Jepkemboi, alifariki miaka sita iliyopita baada ya kuugua miezi kumi na mmoja. Mwalimu alisali asubuhi na jioni, na kila tukio la siku aliliandika katika kitabu chenye jalada jeusi, pamoja na saa.

Ndoa nayo aliipanga kama alivyopanga azimio la kazi la muhula. Jumamosi tarehe nane, saa kumi jioni: kumwuliza Trizah. Jumapili tarehe tisa: tangazo la kwanza. Agosti, shule zikifungwa: harusi. Karatasi ya tangazo aliiingiza kwenye faili Ijumaa, kwa kuwa faili hufungwa Ijumaa. Jumamosi ilipofika, hakuuliza. Azimio la kazi halikuwa na nafasi ya jambo hilo.

Trizah hakuzimia wala hakulia. Aliimba wimbo uliofuata, beti zote nne. Ibada ilipokwisha alienda moja kwa moja hadi ofisi ya Mchungaji, akaomba fomu ya pingamizi.

"Fomu ya nini?" akauliza Mchungaji Wamuyu.

"Ya kupinga ndoa."

"Ndoa gani?"

"Yangu."

Fomu hiyo ilikuwepo. Mwalimu Bethwel mwenyewe aliichora kwa rula, na haikuwahi kutumika hata mara moja. Trizah alijaza jina, akajaza tarehe, na penye mistari sita ya sababu akatumia nusu ya mstari mmoja tu: *Sijaulizwa.*

*

Kanuni ya tatu, nayo pia ya Mwalimu, ilisema pingamizi lisikilizwe siku ileile. Kwa hiyo saa nane mchana watu watano waliketi katika ofisi ya Mchungaji, chumba chenye meza moja, viti vinne na benchi la watoto wa shule ya Jumapili.

Mwalimu Bethwel alikaa kwenye benchi. Magoti yalifika karibu na kidevu, lakini mgongo ulinyooka kama ukuta. Alivaa koti lake la buluu lenye vifungo vya shaba, ambalo alilivaa kila Jumapili. Kando yake alikuwa binti yake wa kwanza, Jepkoech, mfamasia wa miaka thelathini na minne, simu mkononi. Mbele yao aliketi Trizah, mkoba juu ya mapaja. Na kando ya Trizah alikuwa kaka yake mkubwa, Sitati, dereva wa treni aliyestaafu na kuhamia Longonot. Mtu fulani alimpigia simu saa nne na dakika ishirini. Kufikia saa saba na nusu alikuwa ameshuka Kiamunyi akiwa amevaa tai, mkononi shada la mawaridi lililofungwa kwa gazeti. Hasira alikuwa nayo. Lakini kule kwao mawaridi huuzwa kando ya barabara, na hajawahi kumtembelea dada yake mikono mitupu.

"Tutaanza na maombi mafupi," alisema Mchungaji Wamuyu. Alikuwa hajala tangu asubuhi. "Mwalimu, wewe usiombe."

"Sawa, Mchungaji."

Aliomba mwenyewe, sentensi tatu, kisha akafungua daftari.

"Nina mapingamizi matatu. La binti, la kaka, na la..." akaiangalia fomu tena, "la bibi harusi. Sijawahi kuona hii kitu. Jepkoech, anza."

Jepkoech alisoma kutoka kwenye simu.

"Ya kwanza, firimbi. Baba anaamka saa kumi na moja kasorobo asubuhi na kupuliza firimbi. Si alamu ya simu, Mchungaji. Ni firimbi ya refa. Kila mtu aliye ndani ya nyumba lazima aamke, hata wageni."

"Ni kwa ajili ya sala," alisema Mwalimu.

"Shangazi Chelagat alikuja kulala siku mbili baada ya operesheni ya goti. Alipulizwa firimbi."

"Aliamka akasali. Na goti lilipona."

"Ya pili, vitanda. Anakagua pembe za shuka. Mimi nimesoma chuo kikuu, nina watoto wawili, nikilala kwa Baba bado napewa alama kwa kutandika kitanda. Krismasi nilipata sita kwa kumi."

"Ulikuwa umekunja upande mmoja tu," alisema Mwalimu.

Sitati alikohoa. Trizah hakucheka, lakini aliuhamisha mkoba wake kutoka goti moja hadi jingine.

"Ya tatu, sukari. Anapima kwa kijiko cha dawa. Wageni pia."

"Ngoja kidogo, Jepkoech," alisema Mchungaji. "Unampinga Mama Khaemba, ama unampinga babako?"

Kiamunyi nzima ilimwita Trizah kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Khaemba, aliyefanya kazi Mombasa.

"Mama Khaemba sina neno naye. Ameshona sare za watoto wangu na hazijawahi kufumuka. Namwonya tu, mama wa watu. Hajui anachoingia."

"Na ya nne? Umeandika ziko nne."

Jepkoech aliitazama simu. Kisha akaizima na kuilaza juu ya benchi, kioo chini.

"Ya nne sikuiandika vizuri." Alimgeukia baba yake. "Mama alipougua, ulinipigia simu kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Miezi kumi na mmoja. Ulinisomea joto, presha, amekula vijiko vingapi. Hakuna siku uliruka. Kila kitu kibaya ulinipigia ukaniambia, Baba. Sasa hili moja zuri, nimelisikia pamoja na fundi wa spika."

Nje mtu alikuwa akiburuta viti.

"Sikukuficha," alisema Mwalimu.

"Ulifanya nini basi?"

"Lilikuwa bado halijathibitishwa."

"Ningekusaidia kulithibitisha!"

Hilo halikuwa limemjia Mwalimu akilini. Alitoa kitambaa mfukoni, kimekunjwa pembe nne sawasawa, akampa binti yake, naye akakitumia na kumrudishia bila kukikunja. Akakipokea hivyo hivyo.

"Mzee Sitati," alisema Mchungaji.

Sitati alisimama. Alikuwa na kimo cha kuwashinda wote, na dari haikuwa mbali.

"Mimi maneno yangu si mengi. Baba yetu alikuwa mtu wa reli, alitulea pale kwa nyumba za reli hapa Nakuru. Mimi pia nimekuwa mtu wa reli miaka thelathini na mbili. Zamani, Mchungaji, dereva hangetoka stesheni bila kupewa kipande cha chuma mkononi na mkuu wa stesheni. Hicho chuma ndicho ruhusa. Kama huna, unasimama. Abiria watapiga kelele, watoto watalia, wewe unasimama. Kwa sababu hujui mbele kuna nani." Alimnyoshea Mwalimu kidole, kwa adabu, kidole kikiwa kimekunjwa kidogo. "Huyu ndugu ameingia njia bila chuma. Hakuna mtu amekuja kwetu. Hakuna mtu amenisalimia. Hata chai hatujapika tukaimimina!"

"Ni kweli," alisema Mwalimu.

Sitati alikuwa na mengine ya kusema, yaliyotegemea kwamba mtu angembishia. Alisimama kidogo akiyatafuta, kisha akaketi.

"Basi ni hayo," akasema. "Na tumbo linauma kwa hasira."

"Ni njaa, Sitati," alisema Trizah. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza tangu maombi.

"Mama Khaemba," alisema Mchungaji. "Zamu yako."

Trizah alikuwa na miaka hamsini na sita. Alikuwa na duka la kushona sare za shule mjini, karibu na soko, cherehani nne na kioo kimoja. Alikuwa mjane kwa miaka tisa. Katika muda huo wanaume wawili walimtaka: mmoja alitaka mtu wa kumfulia, na mwingine alitaka cherehani. Aliwajua wote wawili kwa namna walivyoangalia duka. Huyu wa tatu aliangalia mikono yake ikishona, na hakusema neno.

"Nina swali moja tu," alisema. "Naomba Mwalimu alijibu kutoka kwa kile kitabu chake cheusi. Anatembea nacho, kiko mfuko wa ndani, kushoto."

Mwalimu akakitoa kushoto.

"Soma jana."

"Kuanzia saa ngapi?"

"Kuanzia ulipotoka kwako."

Mwalimu alifungua ukurasa. Akasoma kwa sauti ileile aliyosomea majina ya wanafunzi gwarideni.

"'Saa tisa na dakika arobaini: nimetoka nyumbani. Mawingu, upepo kidogo. Saa kumi kamili: nimefika getini kwa Mama Khaemba. Saa kumi na dakika tatu: nasikia cherehani ndani. Saa kumi na dakika tisa: cherehani imenyamaza. Saa kumi na dakika kumi: nimerudi.'"

"Umesimama getini kwangu dakika kumi."

"Ndiyo."

"Na geti halikuwa na kufuli."

"Halikuwa."

"Sababu ya kurudi imeandikwa aje?"

Mwalimu aliangalia ukurasa kwa muda mrefu kuliko ukurasa ulivyohitaji.

"Imeandikwa 'Sababu', nukta mbili. Halafu pako wazi."

"Pengine ni mbwa," alisema Sitati, ambaye hasira ilikuwa imeanza kumtoka na kumwacha na huruma ya wanaume. "Mtu anaweza kurudi kwa ajili ya mbwa."

"Sina mbwa, Sitati."

"Ya jirani."

"Jirani ana paka."

Trizah alifungua mkoba, akatoa bahasha ndogo na kumimina kilichokuwamo juu ya meza ya Mchungaji. Vilikuwa vipande vya uzi wa buluu, vifupi, vimefungwa mafungu matano kwa pini.

"Mchungaji, tazama hili koti. Mwezi wa Novemba Mwalimu alikuja dukani, kifungo kimoja hakipo. Nilishona. Huu hapa uzi uliobaki kwenye kitambaa, nilitoa ndipo nishone mpya. Uone ncha zake. Zimechakaa, zimekuwa kama manyoya. Kifungo hicho kilianguka chenyewe. Hicho namkubalia." Akasogeza fungu la kwanza kando. "Januari akaja, kifungo cha mkono. Machi, kifungo cha mkono ule mwingine. Aprili, cha mbele. Mei, cha mbele tena. Sasa angalia hizi ncha."

Mchungaji aliinama. Sitati naye aliinama. Jepkoech aliinuka kwenye benchi ili aone.

"Zimenyooka," alisema Jepkoech polepole.

"Zimekatwa na wembe. Nimeshona miaka thelathini. Uzi uliochakaa naujua, uzi uliokatwa naujua. Na kila mara alikuja na kifungo chenyewe mfukoni, kimefungwa kwa karatasi. Mtu aliyepoteza kifungo hakileti kwa karatasi."

Wote wakamtazama Mwalimu. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Baba!" alisema Jepkoech. "Umekata vifungo vyako mwenyewe?"

"Vinne."

"Na ukamdanganya Mama Khaemba?"

"Sikudanganya." Mwalimu aliketi wima zaidi, kama hilo liliwezekana. "Sikuwahi kusema kimekatika. Nilisema, 'Mama Khaemba, kifungo hakipo.' Na hakikuwepo."

Mchungaji Wamuyu alifunika mdomo kwa daftari. Mabega yake yalitikisika kwa sekunde kadhaa.

"Mimi nilijua kuanzia kile cha pili," alisema Trizah. "Nikasema, huyu mtu ana neno. Wacha nimngoje. Januari nikangoja. Machi nikangoja. Nikamletea kiti akae, akakaa, akaniambia kuhusu Namibia."

"Nilidhani inakufurahisha," alisema Mwalimu.

"Mara sita, Mwalimu."

"Sita?"

"Yale mabomu yaliyofukiwa barabarani, ulitembea mbele ya lori ukiangalia chini, kilomita nne. Naijua hiyo barabara kuliko barabara ya kwenda soko." Sauti yake ilishuka. "Nikasema, mtu aliyetembea mbele ya lori siku moja atatembea hatua tano kutoka kwa geti hadi mlango. Jana nilikuona kupitia pazia. Nilinyamazisha cherehani makusudi, usipate kisingizio kwamba niko na kazi. Ukarudi. Nikasema sawa, hana neno, nilijidanganya mimi mzee mzima. Nililala na hiyo. Halafu leo nikaja kuimba, na Mzee Kipketer akaniambia naolewa."

Hapakuwa na mtu aliyecheka sasa.

"Kwa hivyo nauliza tena," alisema Trizah. "Sababu, nukta mbili. Nini?"

Mwalimu Bethwel alitoa kalamu. Aliweka kitabu juu ya goti, akaandika neno moja, akasubiri wino ukauke, kisha akasimama kutoka kwenye lile benchi la watoto na kumpa Trizah kitabu kwa mikono miwili. Katika miaka arobaini na nne ya kuandika, hakuwahi kumpa mtu yeyote kitabu hicho ashike.

Trizah alisoma. Sitati alinyoosha shingo, akasoma pia, kwa sauti, maana hakuweza kujizuia.

"'Woga.'"

"Kule Namibia tulikuwa na maagizo," alisema Mwalimu. Alikuwa anamwambia Trizah peke yake. "Kulikuwa na kijitabu. Ukiona waya, fanya hivi. Ukiona udongo umechimbwa, fanya hivi. Getini kwako hakuna kijitabu. Nilisikia cherehani inanyamaza, nikajua unatoka, na nikajua ukisema hapana sitakuwa tena na sababu ya kuleta koti."

Trizah alifunga kitabu. Alikirudisha polepole, na kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili mikono minne ilikuwa juu ya jalada moja. Mchungaji aliona. Kisha akatazama kwingine, nje ya dirisha, palipokuwa na tangi la maji tu.

"Sasa," alisema Sitati, akisafisha koo, "si amwulize hapa hapa? Tuko wote."

"La," alisema Trizah.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu atakuwa ameniuliza mbele ya kamati. Mimi si bajeti ya kanisa." Alisimama, akakusanya nyuzi zake. "Jumamosi, saa kumi, Mwalimu. Geti, mlango, unabisha. Na koti liwe na vifungo vyote. Kukikosekana hata kimoja, nitashona na utaenda."

Mchungaji Wamuyu aliandika uamuzi: tangazo limefutwa, fomu mpya ikija, hesabu ianze upya. Kisha akaomba, kwa jina la Bwana, mtu amwambie kama kuna chakula.

*

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi simu ya Jepkoech iliita.

"Hakuna jipya," alisema Mwalimu. "Nimekula vizuri. Presha kawaida."

"Presha ya nani, Baba?"

"Yangu."

Jumanne saa kumi na mbili aliripoti kwamba amehesabu vifungo: tisa kati ya tisa. Jumatano aliripoti kwamba anakwenda Longonot. Huko alikaa saa tatu, akanywa vikombe vinne vya chai, na vya Sitati havikupimiwa sukari kwa kijiko cha dawa. Aliporudi alikuwa na nati kubwa ya reli, nzito, yenye kutu upande mmoja. Sitati alikuwa amemkabidhi mkononi mbele ya mkewe na mbuzi wawili.

"Hicho ndicho chuma," Sitati alisema. "Sasa unaweza kutoka stesheni."

Alhamisi Jepkoech alipiga simu yeye kwanza, saa kumi na moja na dakika hamsini na nane.

"Baba, ukifika usimsimulie Namibia."

"Nimeandika hivyo."

"Na usikague kitu. Hata kama pazia limepinda."

Kimya kilifuata upande wa pili.

"Baba?"

"Naandika."

Jumamosi tarehe kumi na tano, saa kumi kamili jioni, Mwalimu Bethwel alifungua geti la Trizah. Hatua zilikuwa saba, si tano. Alibisha.

Trizah alifungua. Alikuwa amevaa gauni la kijani ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemwona nalo kanisani. Hakumkaribisha ndani. Alianza na mkono wa kushoto, akahesabu kwa kidole; akaja mbele, akahesabu; akamaliza mkono wa kulia.

"Tisa."

"Tisa," alisema Mwalimu.

"Na hicho kinachovuta mfuko ni nini?"

"Nati. Ya Sitati."

Aliitoa. Trizah aliipokea, akaipima uzito kwa kiganja, na uso wake ukalegea kidogo, kwa maana alijua kaka yake hagawi vitu vya reli.

"Kwa hivyo hakuna kifungo kimepotea."

"Hakuna."

"Basi leo umekuja kwa nini, Mwalimu?"

Mwalimu alikuwa ameandika sentensi nane na kuzikariri njiani. Zote zilimtoka. Alimwangalia mama huyu aliyeshika nati ya kilo nzima kana kwamba ni yai, na akasema kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi.

"Trizah."

Hakuwahi kumwita hivyo. Trizah alishika fremu ya mlango.

"Nimekuja kwa sababu kwangu kuna viti sita na mimi nakaa kwenye kimoja. Naamka saa kumi na moja kasorobo, napuliza firimbi, na hakuna anayeamka. Nakuomba uolewe na mimi. Firimbi nitaacha."

"Usiache yote," alisema Trizah. "Sogeza mpaka saa kumi na mbili."

"Saa kumi na mbili. Na shuka?"

"Shuka utatandika mwenyewe. Mimi nitakupa alama."

Mwalimu alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza Trizah kumsikia akicheka, na ilisikika kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Alingoja. Trizah alimtazama, macho yakang'aa, akatazama nati, akamtazama tena.

"Fomu unayo?"

"Iko mfukoni. Sijaitia tarehe."

"Itie. Ipeleke kwenye faili."

"Faili ilifungwa jana."

"Mwambie Mchungaji nimesema ifunguliwe."

"Lakini hujanijibu."

"Swali lako lilinifikia kwanza kanisani, Bethwel. Nitalijibu kanisani." Akasogea kando ya mlango. "Ingia unywe chai. Sukari iko mezani, na hakuna kijiko cha dawa."

Saa kumi na mbili na dakika tano jioni Mwalimu Bethwel aliomba, kwa mara ya kwanza tangu 2019, sahihi ya kuvunja kanuni yake mwenyewe. Mchungaji Wamuyu alitia sahihi juu ya boneti ya gari. Katika kitabu cheusi Mwalimu aliandika: *Nimeuliza. Jibu: halijathibitishwa.* Kisha akampigia Jepkoech na kumsomea ukurasa mzima.

*

Jumapili tarehe kumi na sita, saa nne na dakika kumi na saba, Mzee Kipketer alifungua faili na kulamba kidole. Tangazo la ufunguo lilisomwa tena, maana mwenyewe hakuwa amepatikana. Kisha akavua miwani, akaipangusa, akaivaa.

"Wapendwa. Hii ni mara ya kwanza ya kutangazwa. Tena." Akasoma majina yote mawili, polepole. "Mwenye pingamizi amwone Mchungaji."

Kanisa zima liligeuka kuitazama kwaya. Jepkoech alikuwa ameshika mkono wa baba yake. Sitati, aliyekuja na basi la kwanza, alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, mawaridi kwapani. Fundi wa spika, ambaye safari hii hakuwa ameitwa, alikuwa ameketi kiti cha tatu.

Saa nne na dakika kumi na tisa Trizah Nekoye alisimama mstari wa mbele, upande wa alto. Mzee Kipketer alishusha karatasi. Mkono wa Mwalimu ulianza kuinuka, ukarudi chini.

"Sina pingamizi," alisema Trizah, kisha akaketi.